Ukilipia mtumbwi wako Kyela, hela inakwenda wapi?

Kila ukaguzi wa vyombo unapopita kwenye mialo ya Ziwa Nyasa, kuanzia Itungi hadi Matema na kuendelea upande wa Ludewa, maneno huwa mengi. Wenye mitumbwi wanauliza kwa nini walipie mara mbili. Wachuuzi wa usipa, dagaa wa ziwa hili, wanasema gharama zote mwisho zinaangukia kwenye ndoo wanayonunua. Na huku Mbeya mjini, mama aliyetoka kununua fungu la usipa Mwanjelwa anasikia kwamba ada hizo zinasaidia kulinda ziwa, anabaki anajiuliza: karatasi anayokatiwa mvuvi inamzuiaje samaki asiishe?

Anauliza swali la haki. Ada ya chombo inaweza kulinda ziwa kwa njia mbili: kwa fedha inayoingia, na kwa orodha inayopatikana vyombo vinapoandikishwa. Ya fedha ndiyo inayobishaniwa kila siku, na ndiyo yenye matundu mengi. Ya orodha haitajwi sana, wakati kwa maoni yangu ndiyo yenye nguvu zaidi kwa ziwa kama letu.

Tuanze kwa kutenganisha karatasi, maana nyingi ya kelele za mwaloni zinaanzia hapo.

Usajili ni kukitambulisha chombo: ni cha nani, kina urefu gani, kinaegeshwa mwalo upi, kinakwenda kwa kasia, kwa tanga au kwa injini. Kikishaandikishwa kinapewa namba, na namba hiyo inaandikwa ubavuni. Leseni ni ruhusa ya kuvua kwa muda fulani. Mwaka ukiisha unakata nyingine. Cheti cha usalama kinathibitisha kwamba chombo kimekaguliwa na kinafaa kuingia majini: mbao hazijaoza, maungio hayavuji, majaketi okozi yapo. Ushuru hautozwi kwenye chombo kabisa. Unatozwa kwenye samaki au dagaa wanapouzwa au kusafirishwa. Mtu mmoja mwenye mtumbwi mmoja anaweza kukutana na vyote vinne ndani ya mwaka, na kila kimoja kina ofisi yake na sababu yake.

Mambo ya uvuvi yanatawaliwa na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003, na anayeonekana mwaloni kwa niaba yake ni afisa uvuvi wa halmashauri. Usalama wa chombo ni kazi ya Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2017 na kupokea majukumu ya usafiri wa majini yaliyokuwa ya SUMATRA, mamlaka ya zamani ya usafiri wa nchi kavu na majini. Basi mazungumzo ya afisa uvuvi kijana na mzee mwenye mtumbwi yanakuwa hivi:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Mzee, leseni ya mwaka huu unayo?"

"Leseni tena? Si juzi tu nimewalipa wenzenu wa meli?"

"Wale wanaangalia chombo kisizame, mzee. Mimi naangalia unavua nini na kwa wavu gani."

Kijana yuko sahihi, na mzee naye hajakosea kuchoka. Ofisi mbili za serikali moja, zote zikimfuata mtu mwenye mtumbwi mmoja, zingeweza kuja siku moja na kukaa meza moja. Lakini kuchoka huko kusitufanye tudhani kwamba karatasi moja inaziba pengo la nyingine. Cheti cha usalama hakimzuii mtu kutandika kokoro, wavu haramu wa kukokota, na leseni ya uvuvi haizibi ufa wa ubao. Tanzania imeona gharama ya kulegea kwenye usalama: Septemba 20, 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, Ziwa Victoria, kikiwa kimejaza watu kupita uwezo wake, na zaidi ya watu 220 wakafa. Ada ya usalama inalinda roho za watu. Ukitafuta kinacholinda samaki, utazame upande wa uvuvi.

Sasa tuifuate shilingi.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 135, inasema mapato ya Serikali yanaingia katika Mfuko Mkuu wa Hazina, isipokuwa yale ambayo sheria imeyaelekeza kwingine kwa matumizi maalumu. Chukua mfano wa nyumbani. Baba akipata mshahara, mama akiuza maharage, vyote vinaingia kwenye pochi moja, na humo humo ndimo zinamotoka hela za unga, za umeme na za msiba wa jirani. Pembeni kuna kibubu. Kila wiki kinatupiwa chochote, na kila mtu ndani ya nyumba anajua kile ni cha ada ya shule, hakivunjwi kwa sababu nyingine. Mfuko Mkuu ni pochi. Kibubu ni mfuko maalumu ulioanzishwa kisheria.

Ukishaelewa tofauti hiyo, utaona kwamba mtu anayesema "fedha za ada zinalinda ziwa" anatakiwa aulizwe jambo moja: zimeingia kwenye pochi au kwenye kibubu? Kama ni pochi, ziwa linapata sehemu yake pale tu wanaopanga bajeti wanapolikumbuka. Kama ni kibubu, lina haki yake kabla hata kikao hakijaanza.

Kwetu hali imechanganyika. Leseni za vyombo vidogo, ambavyo ndivyo vilivyojaa kwenye mialo yetu, zinatolewa na halmashauri, na fedha yake inakuwa sehemu ya mapato ya ndani ya halmashauri pamoja na ushuru wa kakao, wa mpunga, wa masoko na wa stendi. Ni pochi. Na pochi hiyo ina wadai wengi. Sheria inaitaka halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Bado kuna zahanati inayosubiri bati, kuna madawati ya Ipinda, kuna posho za vikao. Wilaya yenye kakao kama Kyela, mtu wa mipango akitazama jedwali lake, mstari wa uvuvi hauwezi kumshtua.

Wakati huohuo Sheria ya Uvuvi ya 2003 ilianzisha Mfuko wa Maendeleo ya Uvuvi kwa ngazi ya taifa. Kwa maana hiyo wazo la kibubu halikutoka nje. Limo ndani ya sheria yetu tangu siku ya kwanza. Ila kibubu kuwepo mezani ni jambo moja, na kutupiwa hela ni jambo jingine. Mwananchi anayetaka kujua mfuko kama huo unafanya nini atazame vitabu vya bajeti ya wizara na taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambazo kila mwaka huwasilishwa bungeni na huwekwa wazi kwa umma.

Hapa ndipo panapozaliwa dhana inayosikika zaidi vijiweni: "Hela zote wanakula wakubwa." Naelewa inakotoka, lakini inaficha tatizo lililo kubwa zaidi. Hata pasingeibiwa senti, fedha ya ada za mitumbwi ni ndogo mno ikilinganishwa na kazi inayotakiwa ifanyike. Tupige hesabu. Injini ya boti ya nguvu farasi 40, ikikimbizwa, inakunywa lita 15 au zaidi kwa saa. Petroli tuichukulie shilingi 3,000 kwa lita. Saa moja ya kukimbiza wavuvi haramu ni shilingi 45,000 za mafuta tu. Doria ya usiku inayochukua saa sita ni shilingi 270,000, hapo hujalipa posho ya askari, hujabadilisha plagi, hujanunua betri ya tochi. Sasa tuseme ada ya mtumbwi mmoja ni shilingi 20,000. Nimeichukua namba hiyo kwa ajili ya hesabu tu, kwa kuwa viwango hubadilika na hutofautiana kwa ukubwa wa chombo. Itabidi mitumbwi 14 ilipe mwaka mzima ili kupata mafuta ya usiku mmoja. Na upande wa Tanzania ufukwe wa Ziwa Nyasa una urefu wa takribani kilomita 300, kuanzia mdomo wa Mto Songwe hadi mpaka wa Msumbiji.

Kwa hiyo wanaosema ada ikipandishwa ziwa litalindwa zaidi, nao wanakosea. Ukiipandisha sana, mwenye mtumbwi wa mti mmoja hatalipa zaidi. Atahama mwalo usiku, atavua bila namba, na wewe utakuwa umepoteza hela yake na umempoteza yeye mwenyewe kwenye orodha.

Na orodha ndiyo niliyotaka tuifikie.

Tazama mtumbwi uliopinduliwa mchangani Matema ukisubiri kukarabatiwa. Ubao wa juu umebadilishwa, mpya bado una weupe wa mti mbichi. Ule wa zamani uliobaki una tarakimu mbili za namba ya usajili, rangi imebanduka. Tarakimu nyingine zilikwenda na ubao uliong'olewa. Fundi ameziba maungio kwa pamba, ameyapaka lami, lami imezifunika hata hizo mbili. Kesho kutwa chombo kinarudi majini kikiwa hakina jina. Mwenyewe hana nia mbaya, na ada yake kailipa. Ila kwa afisa anayemulika tochi saa nane za usiku kilomita tatu kutoka ufukweni, mtumbwi ule hautofautiani na wa mtu aliyekuja na nyavu haramu za timba.

Namba inayosomeka inafanya kazi ambazo fedha haiwezi kuzifanya. Ya kwanza ni kuhesabu. Huwezi kusema ziwa limezidiwa na uvuvi kama hujui vyombo vingapi vinaingia. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, TAFIRI, ina kituo Kyela, na watafiti wa aina hiyo wanahitaji vitu viwili ili wajue hali ya samaki: kiasi kinachovuliwa, na juhudi iliyotumika kukivua. Vyombo ni sehemu ya juhudi hiyo. Wavuvi 100 wakileta ndoo 100 mwaka huu na ndoo 100 mwaka kesho, utasema mambo ni shwari. Ukigundua kwamba mwaka kesho walikuwa wavuvi 200, utajua kila mmoja amerudi na nusu ya alichopata mwanzo, na kwamba chini ya maji kuna jambo. Bila usajili, wale 100 wa nyongeza hawaonekani kwenye karatasi yoyote.

Kwa Ziwa Nyasa hesabu hiyo ina uzito wa pekee. Ni la tatu kwa ukubwa Afrika, lina kina cha takribani mita 700, na lina aina za samaki wa maji baridi nyingi kuliko ziwa lolote duniani, wengi wao wakiwa hawapatikani kokote kwingine. Mbasa, samaki ambaye kila aliyekulia Kyela anamjua kwa utamu, anaishi ziwani lakini anapanda mitoni kutaga mayai. Akikuta mdomo wa mto umetandikwa nyavu upande hadi upande, hatagi. Mtu mmoja mwenye mtumbwi na wavu wa macho madogo, akikaa mahali pale kwa majira yale, anafanya madhara ambayo watu ishirini wa katikati ya ziwa hawayafanyi. Ndiyo maana hoja ya "mtumbwi wangu mdogo hauwezi kuharibu ziwa" haisimami. Udogo wa chombo hausemi chochote kuhusu wavu uliomo ndani.

Kazi ya pili ya orodha ni haki. Serikali inapofunga ziwa kwa muda ili samaki wazaliane, kama ilivyofanya Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, ni lazima ijue inamfungia nani riziki. Aliyesajiliwa anaweza kusema: mimi ni mvuvi, chombo changu ndicho hiki, nifikirieni. Vivyo hivyo kwenye mikopo ya boti na zana. Asiye kwenye orodha hana pa kuanzia. Na chombo kikichelewa kurudi baada ya mwela, ule upepo mkali, kuchafua ziwa, orodha ya mwalo ndiyo inayoonyesha nani aliingia jana jioni na hajatoka.

Kazi ya tatu inafanywa na wavuvi wenyewe. Vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, ambavyo kila mtu mwaloni anaviita BMU, ndivyo jicho la kwanza la ziwa. Wanakijiji wanajuana. Mtumbwi mgeni usio na namba ukionekana asubuhi, mwenyekiti wa BMU anajua kabla afisa hajaamka Kyela mjini, na simu moja inatosha. BMU iliyo hai yenye daftari safi la vyombo inaokoa mafuta mengi ya boti ya doria. Hiyo ndiyo sababu nasema orodha ina nguvu kuliko hela: inafanya kila lita ya petroli iende mahali panapohitajika, badala ya boti kuzunguka gizani ikitafuta.

Kule Mtera, bwawa ambalo Iringa na Dodoma wanalitazama kutoka pande mbili, ugumu unaongezeka kwa sababu halmashauri zaidi ya moja zinagusa maji yaleyale. Mtumbwi unalipiwa huku, unavua kule. Orodha zisipozungumza, mvuvi anatozwa mara mbili au hatozwi kabisa.

Je, kuna mahali ambapo kibubu kinafanya kazi waziwazi? Marekani, jimbo la Minnesota, ambalo lina maziwa kwa maelfu, mtu anaposajili boti yake analipa nyongeza ndogo juu ya ada ya kawaida, na sheria imeitaja nyongeza hiyo kuwa ni ya kupambana na viumbe vamizi wa majini: magugu na kome wageni wanaosafiri kwa kung'ang'ania kwenye boti zinazohamishwa kutoka ziwa hadi ziwa. Mwaka 2019 nyongeza hiyo ilipanda kutoka dola 5 hadi dola 10 na senti 60 kwa usajili wa miaka mitatu. Mantiki yake inaeleweka hata kwa asiyesoma sheria: boti ndiyo inayobeba mbegu za tatizo, kwa hiyo boti inachangia ukaguzi. Wenye boti wa kule wengi wanazitumia kwa starehe, wetu wanazitumia kwa chakula, kwa hiyo viwango haviwezi kufananishwa. Kinachofaa kuigwa ni ule uwazi wa kuandika kwenye sheria: kiasi hiki, kwa kazi hii.

Halmashauri zetu zina uwezo wa kutunga sheria ndogo. Halmashauri yenye mwambao ingeweza kuamua kwamba sehemu fulani ya leseni za vyombo irudi mwaloni, kwa BMU, kwa ajili ya mafuta ya doria, rangi ya kuandikia namba na daftari. Mzee wa mtumbwi akiona namba yake inapakwa rangi upya kwa hela aliyolipa yeye mwenyewe, hutakuwa na haja ya kumhubiria.

Kuna jambo moja ambalo ada ya mtumbwi haitalifikia hata ikikusanywa yote. Simama kwenye Daraja la Mungu, Rungwe, wakati wa masika, utazame Kiwira unavyoshuka. Maji mekundu. Huo ni udongo wa miteremko ya juu, umetoka kwenye mashamba yaliyolimwa hadi kingoni mwa mito, unakwenda kutua pale pale karibu na ufukwe ambapo samaki wengi wanatagia. Mbaka na Lufilyo nayo inabeba mzigo wake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa, na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Nyasa, yenye ofisi Tukuyu, ina jukumu la kutunza vyanzo, ikitegemea kwa sehemu ada za vibali vya kutumia maji. Mvuvi wa Itungi akilipa kila senti, na mkulima wa juu akaendelea kulima hadi kwenye maji, mvuvi atakuwa analipia ziwa linalofukiwa na mtu mwingine. Tukimdai wa chini, tumdai na wa juu.

Kwa anayetaka kufuatilia hela yake, mahali pa kuanzia ni risiti. Malipo halali ya serikali yanapitia namba ya malipo inayotolewa na mfumo, na risiti inaonyesha ni ya taasisi gani na kwa huduma gani. Anayepokea taslimu bila risiti hakusanyi mapato ya ziwa, na chombo chako hakimo kwenye orodha yoyote. Pa pili ni mkutano mkuu wa kijiji, unaotakiwa ufanyike kila baada ya miezi mitatu, ambapo mapato na matumizi yanasomwa. Pa tatu ni diwani. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini bajeti ya halmashauri inapikwa miezi kadhaa kabla, kwa hiyo anayesubiri Juni amechelewa. Swali la kumpelekea ni fupi: mwaka jana mlitenga kiasi gani kwa doria na usimamizi wa uvuvi, na katika hicho kilichotoka kweli ni kiasi gani? Akijibu nusu ya kwanza tu, muulize tena nusu ya pili.